Kompyuta Imekufa na Daftari la Mishahara: Pa Kuanzia

Haya yanamhusu mwenye gereji, mwenye kiwanda cha mikate, mwenye shule ya chekechea. Biashara ya watu kumi au kumi na watano ambayo mishahara yake yote inakaa kwenye faili moja la Excel, ndani ya laptopu moja. Mifano ni ya Tanzania Bara kwa kuwa ndiko ninakofanyia kazi ya uhasibu. Aliye Kenya au Uganda atabadilisha viwango na majina ya ofisi, njia ataikuta ileile.

Simu za namna hii huwa napigiwa kuanzia tarehe 24 hivi, na karibu zote huanza kwa "nimepoteza mishahara". Hapana. Umepoteza faili. Mishahara yenyewe ulikuwa ukiipeleka nje kila mwezi: TRA (mamlaka ya kodi) wana jumla zao, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) wana jina la kila mtu, benki ina kiasi kilichoingia kwenye kila akaunti. Kwa hiyo kuna kazi mbili hapa, kufufua faili na kuijenga mishahara upya, na ya pili unaweza kuianza leo huku fundi akihangaika na ya kwanza.

Kwa kazi ya kwanza, amri ni moja: acha kuitumia hiyo kompyuta. Usihifadhi kitu, usipakue programu ya kurejesha mafaili kwenye diski ileile uliyopotezea, usiiache usiku kucha ikijisasisha. Faili likifutwa, kwanza huondolewa jina tu, na nafasi yake huhesabiwa kuwa wazi. Kila kinachoandikwa baada ya hapo kinaweza kuketi juu yake.

Na ukifika kwa fundi, usianze na "kompyuta yangu imeharibika". Mwambie: "Nataka data, mashine baadaye." Ukimwambia mashine haifanyi kazi atakupigia Windows upya, utaondoka na kompyuta inayokimbia na diski tupu, na hutakuwa na haki ya kumlaumu. Kaifanya kazi uliyompa.

Haiwaki kabisa

Dalili inayotisha kuliko zote, na mara nyingi ndiyo nafuu kuliko zote. Kilichokufa ni chaji, betri, kioo au mazabodi (bodi kuu ya ndani); diski iko salama imelala. Chomoa chaji, toa betri kama inatoka, shikilia swichi ya kuwashia kwa sekunde 30, kisha chomeka chaji na ujaribu tena. Azima chaji nyingine yenye volti sawa. Kama taa zinawaka na feni inazunguka lakini kioo ni cheusi, unganisha na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea kwenye televisheni, tatizo ni kioo. Nakili folda yako ya mishahara papo hapo, mengine yafuate.

Ikigoma, diski itolewe na kuwekwa kwenye kasha la USB, isomwe na kompyuta nyingine. Taja aina ya diski unaponunua kasha: zile bapa za inchi 2.5 na zile ndogo za M.2 zina makasha tofauti. Kwenye baadhi ya laptopu nyembamba hifadhi imechomelewa kwenye mazabodi, haitoki. Hapo lazima mazabodi yenyewe ifufuliwe kwanza.

Halafu kuna BitLocker, kufuli la diski la Windows, ambayo imenisumbua miaka hii kuliko virusi. Laptopu nyingi za Windows 11 hufunga diski zenyewe pale mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ukiihamishia diski kwenye mashine nyingine itadai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Hakuna fundi wa kuukisia. Ufunguo huo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuisetia laptopu, ingia account.microsoft.com hata kwa simu, fungua orodha ya vifaa, uutafute. Shida ya huku kwetu ni kwamba laptopu tunauziwa zikiwa zimeshasetiwa dukani, kwa akaunti ya muuzaji au ya kijana wake. Kama ndivyo ilivyokuwa, mpigie muuzaji kabla hujafanya lolote jingine.

Inawaka, lakini diski inagonga

Mlio wa tik-tik-tik wa kujirudia, na Windows inachukua nusu saa kufunguka. Hiyo ni diski ya zamani inayozunguka, na kichwa chake cha kusomea kimechoka au kimegusa sahani. Zima. Kila dakika inayozunguka inakwaruza zaidi. Ile dawa ya kuiweka kwenye friji isahau, inaingiza unyevu tu. Kuifungua ni kazi ya maabara yenye hewa iliyochujwa, bei yake ni kubwa, na kwa daftari la mishahara la watu kumi na wawili mimi nisingelipa. Ningeruka moja kwa moja hadi sehemu ya kujenga upya.

Kama haigongi bali ni nzito tu na inakwama kwenye baadhi ya mafaili, fundi mwenye uzoefu wa Linux anaweza kuinakili nzima kwa ddrescue, programu ya bure inayochukua kwanza sehemu nzima na kuzirudia mbovu baadaye. Kazi ya uokoaji ifanyike kwenye nakala hiyo.

Windows inasema diski ifomatiwe kwanza

Bonyeza hapana. Ujumbe huo maana yake ramani ya diski imeharibika. Vilivyomo bado vimo. Hutokea sana kwa flashi zinazochomolewa ovyo na umeme ukikatika katikati ya kuandika. Usiruhusu na CHKDSK, kikaguzi cha diski cha Windows, ijiendeshe, kwa sababu hukarabati ramani hata kwa kutupa mafaili isiyoyaelewa. Tengeneza nakala, kisha endesha TestDisk, programu ya bure, juu yake ili kuirudisha ramani. TestDisk ikishindwa, mwenzake PhotoRec atakwangua faili mojamoja. PhotoRec hairudishi majina, kwa hiyo jiandae kukuta mamia ya mafaili yenye majina ya namba na kuyafungua moja baada ya jingine ukitafuta lenye neno NSSF.

Folda za kwenye flashi zimegeuka njia za mkato

Kila folda ina kishale kidogo, na ukubwa wake ni kilobaiti moja au mbili. Kirusi cha stashenari hicho. Folda zako halisi zipo, zimefichwa tu. Usibonyeze vishale. Safisha kwanza kompyuta yenyewe kwa antivirusi, halafu fungua dirisha la amri, nenda kwenye herufi ya flashi yako, andika `attrib -h -r -s /s /d *.*` na usubiri. Dakika tano, umemaliza.

Faili limefutwa, au umeliandika juu yake

Lililofutwa: angalia pipa la taka la Windows, kisha pipa la Google Drive, ambalo hukaa na vitu siku 30, na la OneDrive, siku 30 pia kwa akaunti binafsi. Hakuna? Kama diski ni ya kuzunguka, Recuva au Windows File Recovery ya Microsoft zina nafasi nzuri, mradi unachookoa ukihifadhi kwenye flashi na si palepale. Kama ni SSD, ile isiyozunguka, punguza matumaini: Windows huiarifu SSD kuwa nafasi imeachwa wazi, nayo huifuta kwelikweli, pengine ndani ya muda mfupi sana.

Lakini ninachokutana nacho zaidi ni hiki cha pili. Mhasibu anafungua faili la Agosti, anabadilisha jina la mwezi juu, anaandika saa za ziada za Septemba, anabonyeza hifadhi. Agosti imekwisha. Hakuna kilichofutwa, kwa hiyo programu za uokoaji hazina cha kuokoa. Kama Excel bado iko wazi, usiifunge: bonyeza Ctrl na Z mfululizo, inaweza kukurudisha hata baada ya kuhifadhi. Kama imefungwa na faili liko OneDrive au Google Drive, fungua historia ya matoleo na uchukue la tarehe za mwisho wa Agosti. Kama liko kwenye diski tu, bonyeza faili kulia, tafuta matoleo ya nyuma. Yatakuwepo ikiwa tu mtu aliwahi kuwasha ulinzi wa mfumo au historia ya mafaili.

Tena, shika simu. Kwenye Android kuna folda ya WhatsApp Documents, na ndani yake folda ndogo ya Sent. Kila faili ulilowahi kumtumia bosi kwa simu hiyo ili apitishe malipo limelala humo, hata kama ulifuta mazungumzo, ilimradi hukufuta na mafaili. Barua pepe zilizotumwa ni vivyo hivyo: tafuta barua uliyoituma benki pamoja na orodha. Kuna biashara moja niliyoisaidia ambayo miezi kumi na moja kati ya kumi na miwili ilipatikana kwa njia hii, na diski hatukuigusa kabisa.

Faili lipo, halifunguki

Nakili kwanza. Kwenye nakala, fungua Excel yenyewe, chagua faili kupitia dirisha la kufungulia, na kwenye kishale cha pembeni cha kitufe chagua "Open and Repair". Ikikataa, jaribu LibreOffice, mbadala wa bure wa Office. Mara nyingi haina maringo kama Excel. Ikikataa nayo, kumbuka kuwa faili la xlsx ni zipu tu: badilisha mwisho wa jina liwe .zip, lifungue, ingia folda ya xl kisha worksheets. Namba zimo humo kama maandishi. Si pazuri kusomeka, lakini mshahara wa mtu utauona. Faili lenye ukubwa wa baiti sifuri achana nalo.

Ukikuta faili linaloanza na alama ~$, hilo si bakapu. Ni kibao tu kinachosema "mtu anatumia".

Majina ya mafaili yameongezwa mkia wa ajabu, na kuna barua inayodai dola

Chomoa waya wa intaneti na zima Wi-Fi sasa hivi, na usichomeke flashi wala diski ya bakapu. Kwa biashara ndogo, virusi hivi mara nyingi huingia na programu za "kraki" tulizopakua ili tusilipie Office. Usilipe, hakuna dhamana ya kupewa ufunguo. Kwa kompyuta nyingine ingia No More Ransom, mradi ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, upakie faili moja lililofungwa pamoja na barua yao. Utaambiwa ni kirusi gani na kama ufunguo wa bure upo. Kwa familia ya virusi vya Djvu, ambayo huambatana sana na kraki, matoleo ya zamani mengi hufunguka, mapya ni bahati. Mafaili yaliyofungwa usiyafute hata jibu likiwa hapana. Funguo hutolewa baadaye wakati mwingine.

Mishahara ilikuwa kwenye QuickBooks au Tally

QuickBooks ya kwenye kompyuta: tafuta folda iitwayo QuickBooksAutoDataRecovery kando ya faili la kampuni, programu huweka humo nakala yenyewe bila kukuuliza. Faili la .TLG lililo kando ya .QBW usilifute, lina miamala iliyofanyika tangu bakapu ya mwisho. Tally: data ya kampuni ni folda yenye jina la namba, mfano 10000. Nakili folda nzima kabla ya kujaribu kurekebisha chochote, kwa sababu marekebisho yake yakikwama katikati hayana kurudi nyuma.

Laptopu imeibwa

Chukua RB (namba ya taarifa yako) polisi, badilisha nywila ya barua pepe, ya benki na ya akaunti za TRA na NSSF. Waambie wafanyakazi wako pia, kwa kuwa namba zao za NIDA na akaunti zao zilikuwemo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu hata ukiwa na watu sita.

Kujenga upya, mwezi mmoja mmoja

Kuna jambo linalorahisisha kazi hii ambalo wengi hawalioni kwa hofu: PAYE yetu, kodi inayokatwa kwenye mshahara, hukokotolewa kwa mwezi. Kukosa Aprili hakuharibu Mei. Anza na mwezi wa karibuni, ulipe watu, kisha rudi nyuma taratibu. Mbali kiasi gani? Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu za miaka mitano, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo inataka miaka mitano, ila ikihesabiwa tangu ajira ya mtu ilipokoma. Hii ya pili ina meno: ukifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi bila maandishi ya masharti ya kazi, mzigo wa kuthibitisha ni wako mwajiri.

Anza na NSSF. Orodha ya michango ya kila mwezi ina jina na kiasi. Mchango mzima ni asilimia 20 ya mshahara, kumi ya mwajiri na kumi ya mfanyakazi, kwa hiyo zidisha kwa tano. Aliyechangiwa 140,000 mshahara wake ni 700,000. (Kama ulikuwa ukichangia mshahara wa msingi pekee, utapata msingi, na posho utazitafuta kwingine.)

Sasa shuka na PAYE. Toa mchango wa mfanyakazi, 70,000. Kinachotozwa kodi ni 630,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, 270,000 ya kwanza haitozwi, inayofuata hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi 1,000,000 ni asilimia 25, na zaidi ya hapo 30. Kwa huyu ni 20,000 jumlisha asilimia 20 ya 110,000, yaani 42,000. Mkononi: 588,000.

Fungua taarifa ya benki. Ikisema 588,000, mtu huyo amekwisha, nenda kwa mwingine. Ikisema 483,000, kuna pengo la 105,000, na pengo nalo linasema. Hiyo ni asilimia 15 kamili ya 700,000, kato la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB). Utaikuta kwenye orodha uliyowapelekea HESLB. Pengo la namba nzima kama 50,000 au 100,000 kwa kawaida ni advansi. Pengo linalojirudia miezi sita mfululizo kisha likaisha ni mkopo wa ofisini au wa SACCOS.

Kama NSSF hakuna, kwa mfano mwezi ambao uliwakata watu lakini hukupeleka mchango, panda kutoka chini. Aliyepokea kati ya 500,000 na 692,000: toa 84,000, gawanya kwa 0.8, kisha gawanya kwa 0.9. Jaribu kwa 588,000 na utarudi 700,000. Aliyepokea kati ya 270,000 na 500,000: toa 21,600, gawanya kwa 0.92, kisha kwa 0.9. Mishahara tunayoahidiana huwa namba nzima, na hiyo ndiyo alama yako ya njiani. Ukimpandisha yule wa 483,000 utapata 557,246. Hakuna mtu aliyeajiriwa kwa 557,246. Ujue kuna kato limejificha, rudi ukalitafute.

Viwango vya zamani vinatega. Kati ya Julai 2020 na Juni 2021 ngazi ya kwanza inayotozwa ilikuwa asilimia 9, si 8. Ukiona kila anayezidi ngazi hiyo anatofautiana na ritani (fomu ya kodi uliyowasilisha TRA) kwa 2,500 kamili, umetumia jedwali la mwaka usio wake. SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri, nayo ilikuwa asilimia 4 hadi Juni 2023, ikashuka 3.5 Julai, na tangu 2021 inawahusu wenye wafanyakazi kumi au zaidi.

Waliolipwa kwa simu, chukua taarifa ya miamala ya laini ya ofisi. Waliolipwa taslimu, tafuta vocha zenye sahihi. Waulize na wafanyakazi wenyewe: aliyewahi kuomba mkopo benki ana hati zake za mshahara za miezi mitatu, zenye muhuri wako.

Kisha kuna vitu ambavyo havipo TRA, NSSF wala benki: siku za likizo zilizobaki, salio la advansi, saa za ziada ambazo hazijalipwa. Hapa usikisie wala usijipendelee. Mwite kila mtu, mkubaliane namba, muandike, mtie sahihi wote wawili na tarehe ya siku hiyo, tarehe halisi. Hati za mshahara utakazochapisha upya ziandikwe juu kwamba zimejengwa upya kutokana na kumbukumbu. Nimewahi kuona mtu akizipiga tarehe za nyuma ili zionekane za zamani. Mkaguzi alizitambua kwa namba ya akaunti ya benki ambayo mwezi huo ilikuwa haijafunguliwa.

Kama mambo haya yamekukuta tarehe 3 na ritani ya PAYE inadaiwa tarehe 7, omba TRA kwa maandishi kuongezewa muda wa kuwasilisha, kabla ya tarehe kupita, ukiambatisha RB au maelezo ya fundi.

Mwisho jumlisha PAYE ya kila mwezi uliojenga, uiweke kando ya ritani uliyowasilisha. Zikilingana, funga mwezi huo. Zisipolingana, na umeshahakikisha jedwali na majina, inawezekana faili lililopotea ndilo lililokuwa na kosa. Fomula zilizonakiliwa miaka mitatu bila kuguswa hukosea hivyo: mtu aliongezwa mstari wa chini kabisa na jumla haikumfikia. Hapo ritani ya mwezi huo irekebishwe na tofauti ilipwe, na kama ni mfanyakazi aliyekatwa zaidi, arudishiwe chake.